Alinigonga Mara Mbili, Nikajifanya Sijahisi

Mimi ni mwongo, na mkono wa rafiki yangu niliuvunja mimi. Haikuwa bahati mbaya kama wanavyoamini wote tunaofanya nao mazoezi hapa Tunduma. Kaa hapo nikueleze, maana nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Rafiki yangu nitamwita Lusekelo, si jina lake. Alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake jirani na foleni ya malori ya mpakani. Mimi ni wakala wa forodha, kazi ya kukaa na makaratasi, mwili legelege kama mlenda. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye jujitsu ya Kibrazili. Tunatandika maturubai ya malori juu ya maranda ya mbao, tunakabana chini mpaka jasho linachuruzika.

Miaka miwili alinipiga kila Jumamosi. Kila Jumamosi! Halafu ananiinua, ananipangusa maranda mgongoni: "Mwanangu, ugali wa kwenu hauna nguvu nini?" Watu wanaangua kicheko. Nami nacheka, lakini moyoni inachoma.

Akanihurumia. Akakata kipande cha ekseli ya lori bovu, akachomelea mshikio wa nondo juu yake, akakipima kwenye mizani ya mahindi: kilo kumi na sita. Wenyewe huita ketobeli, chuma cha mazoezi; sisi tuliliita birika. Akanifundisha kulirusha mbele kwa nguvu ya kiuno, si ya mikono, na kulala chali nimelinyoosha juu mpaka nisimame nalo.

"Ukilizoea hili, hata mimi utanikalisha," akasema. Aisee, mtu ananiandalia nguvu za kumpiga yeye mwenyewe!

Nikalizoea. Kila asubuhi uani, miezi minane. Mikono yangu ikaanza kushika kama koleo.

Jumamosi ile walikuja wageni kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, simu mkononi wanarekodi. Tukaingia, mimi na Lusekelo. Safari hii hakunikalisha. Nikaunasa mkono wake, nikaubana kati ya mapaja, kiwiko kikaanza kunyooka. Wageni wakapiga kelele kwa lugha yao, "Iwe! Iwe!" yaani, wewe!

Sasa elewa kitu kimoja. Kwenye mchezo wetu ukizidiwa unampiga mwenzio kofi jepesi mara mbili, yaani nimekubali, achia. Naye anaachia papo hapo, hakuna mjadala. Ndiyo maana tunaweza kupeana shingo na mikono yetu, na jioni tukala sahani moja.

Lusekelo alinigonga pajani. Mara mbili.

Nilihisi! Mungu wangu, nilihisi vizuri kabisa! Nikajiambia, ngoja kidogo, waone. Nikasukuma kiuno juu, vilevile alivyonifundisha na birika. Kiwiko kikalia kama bua kavu la mahindi.

Kocha akanivuta kwa ukosi. "Hukusikia anagonga?"

"Sikusikia, kocha! Kelele zilikuwa nyingi!"

Na Lusekelo, kalala palepale, uso umempauka, ndiye aliyenitetea. "Mwacheni jamani. Hakusikia."

Laiti angenitukana!

Kiwiko hakikupona sawasawa. Hakikunjiki vizuri, hakinyooki, na nyundo haishikiki. Karakana ameifunga, amerudi kijijini kwa mama yake, Iyula, kwenye mashamba ya kahawa. Huwa nakwenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Mama ananiwekea chai na viazi. "Asante mwanangu, wewe hujamtupa mwenzio. Wengine wote wameshamsahau." Mara ngapi nimetaka kusema? Nafungua mdomo, zinatoka habari za mvua.

Jumapili iliyopita aliniomba nimsaidie mazoezi. Kuna kibirika kidogo alichowahi kukitengeneza, kilo nne tu. Mtu aliyekuwa anabeba mitungi ya gesi begani! "Nihesabie," akasema. Moja. Mbili. Ya tatu mkono ukakwama katikati. Akaleta ule mzima, akanigonga begani mara mbili nimpokee. Nikakidaka kile chuma haraka mpaka nikajikwaa.

Akanitazama. Akatabasamu kidogo sana.

"Leo umesikia."

Nikakiweka kile kibirika chini. Sijui kama ulikuwa utani wake wa siku zote, au alijua tangu siku ile na akanisitiri mbele za watu. Nililia kwenye bodaboda kutoka Iyula mpaka lami, dereva akanipa pole akidhani nimefiwa.

Nyie mnaonyanyua vyuma, nyanyueni, vinajenga mwili kweli. Lakini mwenzio akikugonga, achia! Achia hata kama Nakonde nzima inatazama, hata kama umeingoja siku hiyo miaka miwili. Na kama umeshakosa kama mimi, usijifiche nyuma ya kelele, maana kelele zinaisha na wewe unabaki unajua.

Jumapili hii naenda tena Iyula. Nitamwambia kabla sijashika kikombe cha mama yake. Niombeeni nisianze tena na habari za mvua.