Ungo wa Kuazima

Juma lililopita nilifanya upumbavu: nilimrudishia Mama Kulwa bakuli lake likiwa limeoshwa likang'aa, na ndani hamna kitu. Alilichungulia kama mtu anayechungulia kisima kilichokauka, akaniangalia mimi, akaingia zake ndani. Mtu mzima, nimefika kidato cha nne, nimezaliwa Tabora na sijawahi kuihama hata kwa bahati mbaya, halafu sijui kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu! Bakuli lile lilikuja na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, na harufu yake ikanibaki vidoleni ikinisuta. Tunajuana siku nyingi, mimi na harufu hiyo.

Nilikuwa darasa la tatu. Mvua zilikuwa zimegoma, baba amekwenda Kaliua kutafuta kibarua, na habari zake zimekatika. Wajomba walitoka Nzega kuja kututia moyo. Walitutia kwelikweli: walisali, wakatuambia kesho ni njema, wakamla kuku wetu wa mwisho, wakaondoka kabla hiyo kesho haijafika. Mama akabaki na kiburi chake. Kuomba hakuweza. Jioni aliinjika sufuria ya maji matupu ili moshi uonekane, watu wasiseme.

Na kila jioni, moshi ukianza tu, Mama Kulwa huyo mlangoni. "Niazimeni ungo, wangu umetoboka." Nilimdharau mwanamke yule mpaka nikachoka. Ni mtu gani huyu asiye na ungo, na sisi tusio na unga tunao? Ungo ulirudi giza likiingia, una unga kidogo au matobolwa, nami nikala huku nikimcheka.

Siku moja mama akiwa kisimani, nikaona imetosha.

"Shikamoo. Ungo haupo."

"Marahaba. Umekwenda wapi?"

"Haupo tu. Mnadani zinauzwa, si ununue wako?"

Alicheka, akajiondokea. Jioni ile maji yalichemka, yakachemka, yakakauka. Mama aliuliza kama Mama Kulwa amepita. Nikajibu kwa majivuno kwamba yule ombaomba nimemfukuza. Hakunichapa. Aliuvuta ungo uvunguni nilikouficha, akaupangusa kwa khanga yake.

"Mpelekee. Mwambie tumesikia wake umetoboka."

Nilikwenda nikinung'unika kwamba sasa ombaomba tunawafuata hadi kwao. Ungo ukarudi na matobolwa. Nilichagua kubwa kuliko yote, nikamwambia mama kwamba angalau jirani ameanza kujifunza adabu.

Baba alirudi baadaye, mikono mitupu na masharubu mapya. Mimi, msomi, nilishaota ndevu ndipo nikaanza kushuku kwamba hakuna ungo unaotoboka kila jioni kiangazi kizima. Kwamba wanawake wale wawili walikuwa wakidanganyana kwa heshima, mmoja akijifanya mwombaji ili mwenzake asiwe. Wajomba walituachia maneno. Yeye aliazima ungo, na kesho yake akaja tena.

Jana nilimpelekea karanga, nijisafishe kwa lile bakuli. Nikamuuliza kwa utani kama ungo wake ule ulipata kuzibwa. Alikuwa akichambua maharage, hata kichwa hakuinua.

"Nyungo nilikuwa nazo tatu, na zote nzima. Aliyekosekana nyumba ile ni mtoto mwenye akili, na naona mpaka leo hajapatikana."