Siku Haifuati Alipomtetea Mpishi

Mume wangu anaitwa Haifuati. Jina hilo haliko kwenye kitambulisho. Alipewa na wanafunzi wa chuo cha ualimu anakofundisha, na mimi nikalipokea kwa mikono miwili, maana kama kuna mtu aliyelisikia neno hilo mpaka masikio yakaota sugu, ni mimi. Umwambie, "Umechelewa kurudi, basi ulikuwa kwa mwanamke," hakasiriki wala haapi. Anavua viatu taratibu, anasema, "Haifuati, mama. Wenye wanawake huchelewa, sawa. Na wenye pancha je?" Sasa mtu kama huyo utagombana naye vipi? Bora ugombane na ukuta, ukuta angalau haukujibu.

Anafundisha mantiki. Alilelewa na mjomba wake, karani wa mahakama, na akiwa mdogo alikuwa akimsubiri benchi la nyuma akisikiliza kesi. Siku za uchumba wetu aliniambia kwamba aliwahi kuona mtu akifungwa kwa sababu ya "kama" na "basi" zilizopangwa vibaya, wala hakuna aliyeshtuka. Ikamkaa rohoni. Wenzake walipokwenda kusomea biashara, yeye akaenda kusomea namna ya kufikiri. Mama yangu aliposikia alishika kiuno: "Kwani kufikiri kunasomewa?"

Mimi ni fundi cherehani, na somo lake nimelipata huku nikikanyaga mashine, nitake nisitake. Kuna hoja za lazima: kila sare ya chuo ina mfuko, hii ni sare ya chuo, basi ina mfuko, na ukishakubali mawili ya mwanzo la tatu huna pa kulikwepa. Kuna hoja za kukusanya: kila jora nililonunua kwa yule muuzaji limechuja, basi na hili litachuja. Huenda, lakini usiape. Kuna mantiki ya alama, herufi na vishale kama njia za siafu. Hiyo nilimwambia aiache hukohuko ubaoni. Halafu ananiambia hoja inaweza kuwa imeshonwa barabara na bado ikawa ya kitambaa kibovu, kwa sababu mshono ni kitu kimoja na ukweli wa ulichoanza nacho ni kitu kingine. Hilo nilimwelewa mara moja. Wateja wangu wote wanaleta kitambaa kibovu.

Na makosa ya hoja! Hayo ndiyo yalikuwa yakimkosesha usingizi. Moja alilichukia kuliko yote. Mvua ikinyesha, uwanja hulowa. Uwanja umelowa. Basi mvua imenyesha. "Haifuati!" anagonga meza mpaka vikombe vinaruka. "Labda mtu amemwaga ndoo!" Kila mwaka wanafunzi wapya wanaanguka hapohapo, na kila mwaka anarudi nyumbani amekunja uso kana kwamba wamemtukana.

Sasa sikilizeni yaliyotukuta.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mpishi mkuu wa chuo hicho. Mwanamke wa maneno machache, mikono imejaa makovu ya mafuta, sufuria zake zinang'aa mpaka unaweza kujitazama humo. Jumanne moja wanafunzi wa bweni wakaanza kutapika. Kufikia kesho yake jengo zima lilikuwa linanuka, magari ya wagonjwa yanapishana getini, na binti mmoja amelazwa hajitambui. Chakula cha Jumatatu kilikuwa maharage. Basi. Nani alipika maharage? Mdogo wangu. Hakuna aliyeuliza la pili.

Alhamisi wakamfungia jikoni mwake mwenyewe, eti asitoroke. Ijumaa mkuu wa chuo akaita wazazi na wanafunzi bwaloni, na askari wawili wakaja wakasimama mlangoni. Kila mtu alijua wamekuja kumchukua nani. Asubuhi ile nilimshika mume wangu ukosi.

"Miaka yote unanichosha na hoja zako," nikamwambia. "Leo ndiyo nazitaka. Mdogo wangu asiondoke na wale askari. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Usinisikie tu. Useme!"

Bwalo lilijaa mpaka madirishani. Mimi nilikaa katikati ya akina mama wa wagonjwa, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na hakuna aliyejua mimi ni nani. Mdogo wangu walimkalisha mbele, na aproni yake, kama kuku wa kuuzwa. Hakulia. Alikuwa anasugua kidole gumba kwa kidole gumba, hivi, tangu utoto hufanya hivyo akiogopa. Roho iliniuma nikataka kwenda kumfunika na kanga yangu.

Baba wa yule binti aliyelazwa ndiye aliyesema kwanza. Dereva wa lori, kifua mlango, macho mekundu ya kukesha hospitali.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mtu akila sumu anaugua. Watoto wetu wanaugua. Huyu amewalisha sumu. Mnangoja nini?"

Bwalo zima likaitikia. Askari mmoja akapiga hatua.

Ndipo Haifuati aliposimama, upande wa walimu, na koti lake lililochakaa viwiko ambalo amenikataza nisilishone.

"Samahani, baba," alisema. "Mtu akila sumu anaugua, kweli. Lakini si kila anayeugua amekula sumu. Naomba niulize. Binti yako Jumatatu alikula nini?"

"Unanichezea?"

"Sikuchezei. Nauliza, kwa sababu wewe ndiye unayemjua."

Yule dereva alifungua mdomo kwa hasira. Ukabaki wazi. Nilimwona akikumbuka.

"Hali maharage," akasema, sauti imeshuka. "Tangu mdogo. Yakimgusa tumbo linamvimba. Siku za maharage hununua mkate."

Mama aliyekaa ubavuni mwangu akasema, "Haa!"

"Hali maharage, na ndiye anayeumwa kuliko wote," mume wangu akasema. "Sasa wa kutwa. Hula hapahapa mchana. Wa kutwa mliokula maharage Jumatatu, inueni mikono." Mikono ikainuka, msitu. "Mliougua, iacheni juu." Ikashuka yote. Msichana mmoja akaangalia huku na huku, akaona aibu ya kuwa mzima.

Jamani, nilitaka kupiga vigelegele. Mdogo wangu aliinua uso kwa mara ya kwanza. Nikajisemea moyoni, leo hata mama yangu kaburini anajua kufikiri kunasomewa.

"Kwa hiyo wapo waliokula wasiugue, na yupo asiyekula akaugua," akaendelea, ameshapata moto wake wa darasani, kidole juu. "Maharage yatoeni. Tutafute kitu kilichowaingia wa bweni na hakikuwaingia wa kutwa. Wa kutwa, maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Tunakuja nayo kwenye chupa!" mmoja akajibu. "Bombani foleni ndefu!"

"Na wa bweni hunywa bombani. Na bomba linatoka..."

Akakatika.

Aligeuza macho dirishani. Nje kule, juu ya mnara wake wa chuma, lilikuwa tangi la maji la chuo. Alilitazama, na nikaona uso unampauka. Nimelala na mtu huyu kitanda kimoja tangu ujana wangu, sijapata kumwona amekosa neno. Kidole kilikuwa bado kiko juu. Akakishusha polepole.

Sikujua kosa lenyewe, lakini nilijua lilikofikia. Wiki iliyotangulia fundi bomba alikuja kubadili boya la tangi, lile la kuzuia maji yasifurike, na mwalimu wa zamu wiki hiyo alikuwa mume wangu.

Mkuu wa chuo, ambaye jua halimwangukii bila yeye kutafuta kivuli, akaona ile nafasi. "Ahsante, mwalimu. Ndugu wazazi, haya ni mambo ya wataalamu, tungoje maabara. Kwa sasa, kwa usalama wake, mpishi aende na askari. Wakimwona hana hatia watamrudisha."

Watamrudisha! Mnyonge akiingia kule hurudi lini? Askari wakamshika mdogo wangu mikono, huyu huku na huyu kule. Akanitazama.

Na mume wangu naye akanitazama. Kama unadhani nilikuwa shujaa, umekosea mlango. Nilijua sasa kuna wawili na mmoja ataondoka na wale askari. Nilimpenda mdogo wangu, na yule alikuwa mume wangu, baba wa watoto wangu, kazi yake ndiyo paa letu, na wale wazazi walikuwa wanatafuta mtu wa kumrarua. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia kwa midomo, bila sauti: kaa chini.

Hakukaa.

"Mkuu, mwachieni," alisema. "Maji ya tangi. Fundi alipanda kubadili boya, na jioni uliniuliza kama mfuniko umerudishwa. Nikakuambia umerudishwa. Sikupanda kuangalia."

"Uliniambia umefungwa," mkuu akasema haraka. "Wote mmesikia, aliniambia."

"Nilikuambia. Nilipita stoo nikaiona ngazi. Fundi akishafunga mfuniko, huirudisha ngazi stoo. Ngazi ilikuwa stoo. Nikasema, basi mfuniko umefungwa."

Kule nyuma mwanafunzi mmoja, kijana, akasema polepole, bila kejeli, kama mtu anayejibu swali darasani: "Haifuati."

"Naam," mume wangu akasema. "Haifuati."

Mkuki kwa nguruwe. Kosa lilelile, la uwanja na mvua na ndoo, alilowafokea wanafunzi maisha yake yote, likamkuta stoo jioni amechoka, anataka kwenda nyumbani kula. Nami ndiye niliyekuwa nimempikia.

Mlinzi wa geti akainua mkono. "Ngazi niliirudisha mimi. Fundi alikimbilia dukani kununua kifaa, akasema atarudi. Nikaogopa wezi. Sikujua kama juu kumebaki wazi." Fundi hakurudi.

Watu wakamiminika nje. Mtunza bustani akapanda mnara, na sote chini shingo zimepinda. Alifika juu, akainama, akaziba pua kwa kiwiko.

"Kumefunuka!" akapiga kelele. "Njiwa! Wameoza!"

Kilio kilichotoka hapo sitaki kukisimulia. Tuliporudishwa bwaloni askari walikuwa wamemwachia mdogo wangu. Akina mama waliotaka kumla mzima asubuhi sasa walikuwa wanamkumbatia, "Pole mwanangu, tusamehe," wengine wanamfuta uso kwa kanga zao. Mimi pia walinikumbatia, kwa vile tu nilikuwa karibu na nalia. Na walipokwisha kumkumbatia wakageukia upande wa walimu.

"Msomi mzima!"

"Hatua chache tu za ngazi zimemshinda!"

"Nipeni mimi huyo," alisema yule mama wa ubavuni mwangu, ameshika mkono wangu kwa mapenzi kabisa. "Mwanangu anatapika damu. Nipeni nimwonyeshe mantiki."

Yule dereva alitembea mpaka mbele ya mume wangu. Alimzidi kichwa kizima. "Ulipita chini yake," akasema. "Ungeinua macho tu."

"Ningeinua," mume wangu akajibu. Hakuongeza neno, na dereva alikuwa anangoja neno ili ampige. Alisimama pale mpaka mkono wake wenyewe ukachoka kukunjwa, akarudi kukaa mwisho wa benchi letu, akajiinamia.

Binti yake alipona. Alitoka hospitali mwezi uliofuata, amekonda lakini mzima, na wenzake wote walipona. Mume wangu kazi ilikwisha, na kesi yake ilichukua muda. Lakini siku ile hatukujua hata moja kati ya hayo. Siku ile binti alikuwa hajitambui, na kama angekufa, aliyemuua alikuwa amesimama pale na koti lililochakaa viwiko.

Askari walimshika mikono, huyu huku na huyu kule, vilevile.

"Ana mtu wa familia hapa?" mmoja akauliza. "Tunahitaji mtu wa kufuatana naye."

Bwalo likageuka kutafuta. Macho yote yale. Yule mama alikuwa bado ameushika mkono wangu, kiganja chake kina joto. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa, na pia nilikuwa na hasira naye, kwamba nilimwambia akae na hakukaa.

"Mimi," mtu akasema mbele. Mdogo wangu, na aproni yake, macho yamevimba. "Huyu ni shemeji yangu. Nitakwenda naye."

Ah! Huyo waliyemfungia jikoni. Huyo ambaye dakika chache nyuma mikono ile ilikuwa imemshika yeye.

Nikasimama. "Na mimi," nikasema. "Mimi ni mkewe."

Kile kiganja chenye joto kikaniachia kana kwamba nimekichoma. Kote kwenye benchi akina mama wakavuta kanga zao zisiniguse. Dereva, kule mwisho, alikuwa amenyoosha miguu yake mirefu kuziba njia, na hapakuwa na pengine pa kupita.

"Naomba kupita, baba," nikamwambia.

Alinitazama toka chini hadi juu. Miguu hakuitoa. Nikakusanya gauni langu, nikamruka mbele ya watu wote, nikaenda kwa mume wangu.