Dereva Aliyeachwa Jeddah

Mwaka ule wanawake walipokubaliwa kuendesha magari Saudia, Barasa ndiye aliyemfundisha Lamis, binti wa bosi wake. Kila Ijumaa baada ya swala, maghala ya Al-Sulay, Riyadh, yakiwa yamefungwa na malori yamelala, walikwenda huko kufanya mazoezi, madam, mama yake Lamis, akiwa kiti cha nyuma na simu yake.

"Usiukabe usukani," Barasa alimwambia binti. "Haujakukosea kitu. Na kabla hujatoka, vioo kwanza."

Lamis alicheka akalegeza vidole. Alikuwa na miaka ishirini. Barasa alikuwa amemwendesha tangu chekechea, begi likiwa kubwa kuliko mgongo wake, na kwa miaka yote hiyo binti alimwita Ammu, yaani baba mdogo. Barasa mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwenyeji wa Webuye, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza Riyadh katika nyumba ya Faleh, bosi aliyemwita Baba Faleh kwa heshima. Likizo alipewa, lakini kila mara ilikuwa kiangazi, familia inaposafiri na gari halina kazi. Desemba walimhitaji. Krismasi ya mwisho kula na mkewe, Selipher, ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja.

Ndiyo maana mwezi wa Oktoba, Baba Faleh alipomwita sebuleni, Barasa alihisi kama amesikia vibaya.

"Desemba hii utakula sikukuu kwenu," bosi alisema. "Tutashuka Jeddah kwa ndugu yangu kukwepa baridi. Kutoka pale utapanda ndege. Umetutumikia vizuri."

Barasa alimpigia Selipher siku hiyo hiyo. Kufikia Jumapili kanisa zima la Marafiki, yaani Quaker, lilikuwa na habari, na Selipher alikuwa ameshatenga jogoo asiyeguswa na mtu.

Walisafiri tarehe ishirini. Ni mwendo wa kutwa nzima, na walipokaribia Taif Lamis aliomba ashike usukani. Barasa alihamia kiti cha pembeni. Binti aliteremka zile kona za mlimani taratibu, bila kukanyaga breki ovyo, na mzee akajiona kama fundi anayetazama nyumba yake ikisimama. Hakujua kwamba ndicho walichokuwa wakikipima.

Asubuhi ya tatu Jeddah, alitoka na kitambaa kupangusa gari kama kawaida yake. Alikuta mizigo ya kurudi Riyadh imeshapakiwa. Madam alikuwa nyuma, Baba Faleh mbele, na Lamis kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma.

Baba Faleh alishusha kioo. "Barasa, wewe utabaki na ndugu yangu. Dereva wake ameondoka. Kazi ya hapa ni nyepesi."

"Na safari yangu, baba?"

"Inshallah, mwakani."

Barasa alimtazama Lamis. Binti hakugeuza shingo. Alitazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, vile vile alivyofundishwa, akatoa gari nje ya geti. Barasa akabaki na kitambaa mkononi, na begi lake la zawadi likiwa tayari chumbani, limefungwa kwa kamba.

Yule ndugu aliitwa Abu Hatim, mfanyabiashara wa samani, mtu wa maneno machache. Alimkuta Barasa bado amesimama pale pale.

"Mbona umenyong'onyea?" aliuliza. "Si wewe uliyeomba kuja? Faleh kaniambia magoti yako hayawezi tena baridi ya Riyadh, ukaomba Jeddah kwenye joto."

Barasa alikikunja kitambaa. Habari ya magoti alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani. Hata Selipher hakumwambia, asije akamtia wasiwasi. Ilikuwa asubuhi moja nje ya chuo cha Lamis, wakimsubiri mlinzi afungue geti, binti akamwona anayasugua akamuuliza, naye akasema ukweli: baridi ikiingia, yanauma kama jino. Binti alimwonea huruma, akamletea mafuta ya kuchua. Sasa huruma ile ilikuwa imegeuzwa kuwa barua ya maombi ambayo hakuiandika.

Alimpigia mkewe.

"Mama Derrick, siji."

Selipher aliuliza: "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wameniacha hapa na mtu mwingine. Wanasema mwakani."

"Mwakani," Selipher alirudia. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeng'oa mwiba: "Baba Derrick, mimi sitaki likizo yako tena. Rudi. Rudi na begi lako, ukae."

Maneno hayo yalimkaa Barasa kifuani mchana kutwa. Alikuwa akijiambia kwamba nyumba ile ya Riyadh ingeyumba bila yeye, kwamba kule alikuwa zaidi ya dereva. Jioni alimwendea Abu Hatim, aliyekuwa anamenya chungwa barazani.

"Bosi, mimi sikuomba kuja," alisema. "Niliahidiwa nyumbani. Nataka huruji, ile viza ya kwenda nisirudi."

Abu Hatim aliacha kumenya. "Unaapa hukuomba?"

"Sisi kwa dini yetu hatuapi. Nakwambia tu."

Yule bwana aliweka kisu chini. "Faleh ni ndugu yangu, sitamsema," alisema. "Lakini mtu aliyeletwa kwa uongo sitamweka. Karatasi zako nitazifuatilia mwenyewe, zitatoka baada ya mwaka mpya." Akaendelea na chungwa lake, kisha kama aliyekumbuka: "Keshokutwa ni sikukuu yenu, sivyo? Siku hiyo usifanye kazi."

Barasa alishukuru, halafu akaenda chumbani akakaa kitandani akiwa na hasira asiyoweza kuielekeza popote. Mtu wa siku tatu alimpa alichonyimwa kwa miaka kumi na tisa.

Siku ya Krismasi alikwenda mtaa wa Al-Hindawiyah kwa Protus, Mkakamega mpishi wa hoteli moja ya Sharafiya. Chumba kilikuwa na watu saba, pazia limeshushwa. Waliimba kwa sauti ya chini, kisha wakamwomba Barasa, mkubwa wao, aombe. Aliinamisha kichwa, na kwa desturi ya kwao akanyamaza tu. Wote wakanyamaza pamoja naye. Katika kimya kile simu yake ikatetemeka mfukoni. Ibada ilipokwisha alitoka kwenye ngazi, akaipiga namba iliyomtafuta.

"Ammu, sikukuu njema," Lamis alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Oktoba tulikuwa tunajifunza kuegesha."

Lamis alianza kulia. "Nilidhani Jeddah itakufaa, kwa ajili ya magoti. Baba alisema nikikwambia utakataa."

"Ungeniambia, nikatae."

Barasa alitafuta neno la kumsamehe, hakulipata, na la kumlaani hakulitaka. "Endesha polepole," alisema mwishowe, akakata. Kilichomuudhi ni kwamba alilisema kwa mapenzi. Alisimama kwenye ngazi hadi macho yalipokauka.

"Mzee Barasa," Protus aliita kutoka ndani, "ugali unapoa."

Alikuta sinia katikati ya mkeka: ugali, kuku wa mchuzi, na bakuli la mboga ya kijani inayovutika. Alichota, akaonja, akasita.

"Hii ni mrenda, mboga ya kwetu."

"Wamisri wanaiita mulukhiya," Protus alisema. "Inauzwa imegandishwa. Wewe umekaa Saudia miaka kumi na tisa hujui?"

"Nilikuwa nakula jikoni kwa watu," Barasa alijibu.

Watu wakacheka, naye akajikuta anacheka nao. Hakuna aliyemwambia yalla, haya twende. Hakuna aliyekuwa akisubiri kupelekwa mahali. Bibi mmoja aliyeitwa Rael alimsogezea bakuli, akamwambia ale asiache kitu, na Barasa akakunja mikono ya shati akakata tonge kubwa.