Sentensi Safi ya Bi Nukta

Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye karani wa kiwanda chetu cha sabuni. Tunamwita Bi Nukta. Barua ya Kiingereza yenye kosa haitoki mikononi mwake; hata kadi ya harusi ataisahihisha kwanza, ndipo aulize sherehe ni lini. Nampenda, lakini kwa hilo anachosha.

Jumatatu asubuhi, tarehe ishirini na tisa, meneja alimletea karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Hebu ninyooshee hapa. Mwanasheria anataka maneno yakae sawasawa."

Ilikuwa sentensi moja ya kutiwa saini na kila mtu wa chumba cha boila: kwamba anafanya kazi humo at my own risk, yaani akiumia, ni juu yake mwenyewe. Meneja alikuwa amekosea hilo neno at, akaandika on. Shemeji alilirekebisha, akachapa nakala kumi na mbili. Akasifiwa mbele ya ofisi nzima, kichwa kikavimba. Macho yake yalikuwa kwenye kosa tu. Mpaka leo hilo linaniudhi.

Mchana, akitaka kuitupa ile karatasi ya meneja, aliigeuza. Nyuma yake kulikuwa na ombi la kaka, fundi mkuu wa boila, ambalo shemeji mwenyewe alilichapa wiki tatu nyuma: vali ya kutolea mvuke isipobadilishwa, boila haitamaliza mwezi huu. Meneja alikuwa ameligeuza kuwa karatasi ya kuandikia ovyo.

Nilikuwa napakia maboksi nilipomwona anapita mbio, viatu mkononi. Nikamfuata. Kaka alikuwa mlangoni akijifuta jasho.

"Vipi, umesahau nukta?" alimtania.

"Umesaini?"

"Tumesaini wote. Wenzangu walisitasita, nikawaambia hii kaandika mke wangu. Wakasaini papo hapo."

Shemeji alimshika shati, akamweleza kwa Kiswahili kila neno la ile sentensi, na ilikuwa imeandikwa nyuma ya nini. Ndani, kitu kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba. Niliogopa, sifichi.

"Basi toka," shemeji alisema. "Twende nyumbani."

"Kumi na mmoja wako ndani, na mimi ndiye niliyewasainisha. Niachie, nikawatoe."

Alijichomoa, akaingia. Shemeji alibaki na kifungo cha shati kiganjani.