Wazazi wa Honor Ruane

Attracta Gaughan alisambaza barua vijijini Mayo, Ireland, mpaka akastaafu, na hakuna kilichomkera kama barua isiyo na anwani. Bibi yake Honor, mama wa mama yake, alikuwa ni hivyo hivyo: hakuna aliyejua alikotoka.

Kila Novemba watu wa kwao huandika majina ya marehemu wao, wakayatia kwenye bahasha na kuyapeleka altareni yaombewe mwezi mzima. Mama yake Attracta, Una, mwenye miaka tisini, aliwaandika wote, hata mashemeji waliomchosha roho. Alikwama kwa wazazi wa mama yake tu. Honor alikufa Una akiwa mdogo. Honor mwenyewe alilelewa na akina Canavan, na majirani wenye midomo walisema aliokotwa. Neno hilo lilimuuma Una tangu shuleni, na uzee haukulipunguza makali.

"Mwaka huu nataka niwaandike," alimwambia binti yake. "Kama walimtupa, nitawaombea hivyo hivyo. Ila nijue."

Cheti cha ndoa cha Honor kilimtaja baba yake: Antoni Ruane. Attracta akaenda maktaba, akaikalia kompyuta na kupekua rejista ya vizazi ya wilaya mpaka akampata Honor, binti wa Antoni na Sabina Ruane, mwaka 1899. Hakungoja kuhakikisha. Alikwenda mbio kwa mama yake akajipiga kifua.

Kesho yake akafungua sensa ya 1901. Antoni yupo, Sabina yupo, wavulana wao wawili wapo. Honor hayupo.

"Si walishamgawa?" alisema kaka yake, Fintan, mbele ya mama. "Ungewaacha wafu walale. Ona sasa, umemchimbulia mama aibu aliyokuwa ameifukia."

Una alisukuma sahani yake ya viazi kando akageukia ukutani. Attracta aliona uchungu, na hasira zaidi, maana Fintan huongea sana na kusoma hajui. Lakini hakukubali yaishie hapo. Alirudi maktaba, safari hii akashika rejista ya vifo, na huko akamkuta: Honor Ruane, kichanga cha miezi mitano, ugonjwa wa kifua.

Kumbe alikuwa amempelekea mama yake mtoto mwingine. Aibu ilimshika kweli, na ilimstahili, kwa sababu alikulia katika desturi hiyo. Kwao mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lake. Fintan mwenyewe amerithi jina la kaka yao aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Basi akarudi kwenye vizazi na kusonga mbele mwaka hadi mwaka, macho yakimwasha. Mwaka 1903, kwa Antoni na Sabina wale wale, alizaliwa Honor wa pili. Attracta hakuinuka. Safari hii alihakikisha. Kwenye vifo, wiki ile ile, alikuwapo Sabina: amekufa kwa uzazi, mume akiwa kando yake. Na katika sensa ya 1911, nyumbani kwa Canavan, alikuwapo Honor Ruane, ameandikwa mpwa wa mwenye nyumba.

Alimsomea mama yake yote polepole, na lile kosa lake hakulificha.

"Kwa hiyo mama yake alikufa akimzaa," alisema Una.

"Ndiyo, mama. Na waliomlea ni ndugu zake."

"Basi hakutupwa. Alifiwa." Una alilia bila kujificha, kisha akajipangusa. "Nipe kalamu. Na huyo kaka yako mwite, asikie kwa masikio yake."

Aliandika Antoni. Akaandika Sabina. Attracta akanyoosha mkono kuichukua bahasha, lakini mama yake akaivuta kwake.

"Bado. Yule mdogo uliyeniletea kwanza, alikuwa na miezi mingapi?"

"Mitano. Lakini yule si bibi, mama."

"Najua si mama yangu. Walimpa mama jina lake, basi hata jina hakubaki nalo. Nani aliwahi kumwombea?"

Akamwandika Honor, juu kabisa, kabla ya wote.