Wifi Yangu na Toleo la Witiri

Presha ya macho iliponinyima kuona, sikuacha kufundisha historia. Kompyuta ilinisomea kwa sauti kila nilichoandika, nami nikaendelea kuandaa masomo ya kidato cha pili sebuleni kwetu Pasiansi. Kisha, baada ya kusasisha mfumo, sauti ikaanza kuruka. Nikirudi nyuma kusahihisha neno, inanisomea neno jingine la mbele yake. Nikawa nafuta maneno mazima nikidhani nafuta makosa. Siku moja nililia kwa hasira.

Mume wangu akampigia dada yake anayeishi Mkolani, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu. Wifi akaja Jumamosi, akabonyezabonyeza, kisha akasema, "Wifi, programu inayokusomea haina kosa. Kosa liko kwenye maktaba."

"Maktaba gani tena?"

"Ni programu inayofanya kazi chini kwa chini, na programu nyingine zinaitegemea. Hii inatambua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Ni ya wazi, watu wa nchi mbalimbali wanaijenga pamoja. Wewe una toleo la 2.78. Kosa lako wamelirekebisha kwenye 2.79."

"Basi niwekee hiyo. Si ndiyo kubwa?"

Akacheka. "Ni mpya zaidi, ila haijatulia. Sikiliza namba inayofuata nukta. Kwa maktaba hii, ikiwa shufwa, toleo limekamilika. Ikiwa witiri, bado wanalijenga. Leo linafanya kazi, kesho wamelibadilisha. Wewe una wanafunzi. Tungoje 2.80."

Shufwa na witiri! Nilidhani niliziacha shule ya msingi. Akanirudishia 2.76, ambayo haikuwa na kosa lile, nikaendelea na kazi.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliweka 2.79 kwenye kompyuta yake mwenyewe, akazima skrini, akakaa mezani kwangu akifanya kazi kwa masikio tu, kama mimi. Nilimsikia akisonya, akirudia, akisonya tena. Hakuna aliyemtuma. Alasiri akaniita.

"Wifi, njoo uandike ng'ombe."

Nikaandika. Sauti ikasema "ng", ikakatika, ikamalizia "ombe". Ule mkato wa juu ulikuwa unapasua neno vipande viwili. Sasa mtu ataandikaje historia ya Wasukuma bila ng'ombe?

Wifi akawaandikia watengenezaji. Mmoja wao, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akajibu kwa adabu akiomba sentensi za kujaribia. Nikazitunga mimi: za kung'oa mihogo, za taa zinazong'aa, za watu waliovuka ng'ambo. Wifi akazituma jinsi zilivyo, na wakalirekebisha kosa wakiwa bado kwenye witiri, kabla halijamfikia mtu kama mimi.

Toleo la 2.80 lilipotoka akaja kuniwekea. Niliandika kwamba ng'ombe walivushwa ng'ambo ya mto, na sauti ikasoma yote bila kujikwaa. Nikapiga kigelegele hadi mume wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akiuliza kuna nini. Nikamshika wifi mkono, nikamwambia asante.

"Usinishukuru sana," akasema. "Nimeanza na 2.81 leo asubuhi, na tayari inanisumbua. Chai ipo?"