Goti la Mama Mkwe na Giya ya Pili

Aibu hii sikutaka kuisimulia, lakini kwa kuwa Ilongero nzima inaisimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi si mtu wa kuchekwa ovyo. Nimekaa Dar miaka tisa, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni (stashahada ya ugavi, anayebisha aje nimwonyeshe cheti), nikarudi nyumbani kwa jasho langu na kufungua duka la vifaa vya ujenzi Singida mjini. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda kazini kila siku amepakiwa kwenye bodaboda. Basi nikanunua gari la spoti la mtumba, jekundu, milango miwili, siti mbili, limelala chini kiasi kwamba kuku akipita mbele mnatazamana uso kwa uso. Nililikagua kitaalamu, injini, matairi, hadi redio. Sikujiuliza jambo moja tu, mkwe atakaa wapi.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Neema na jibu lilikuwa bado. Na mnajua kwetu mkwe ni mkwe, unamsalimia kwa mbali umeinamisha macho, hukai naye pamoja, na kumgusa ndiyo usiseme. Ukiharibu hapo, posa inarudi hata uwe profesa.

Asubuhi moja nikamkuta Neema na mama yake barabarani, mama shavu limevimba. Ningeweza kusalimia nikapita. Nikasimama, nataka gari lionekane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Jino halijamlaza tangu juzi," Neema akasema, "na pikipiki zote zimeenda mnadani. Mpeleke mama hospitali."

Mama akalizunguka gari lote. "Nyuma ni wapi?"

"Nyuma hakuna, mama. Utakaa hapa mbele."

"Na wewe?"

Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba na mimi hapo hapo. Akatazama barabara, akashika shavu, akaingia.

Akajifunika kanga mpaka machoni na kujibana mlangoni kwake, na mimi nikajibana kwangu, tukaenda kama watu waliogombana. Shida ikawa giya. Iko katikati, na katikati, hata alivyojibana, kulikuwa na goti la mama. Nilipoingiza ya pili mkono ukapita jirani mno, mama akakohoa, nikaapa moyoni kwamba giya ile siishiki tena. Barabara ikanyooka, tuko ya pili. Injini inalia kama mashine ya kusaga, tukapitwa na baiskeli yenye gunia la alizeti (hili naomba msilisambaze).

Karibu na mnada kuna mwinuko wa mchanga, pale kila dereva anarudi giya ya kwanza. Nikaangalia mwinuko, nikaangalia goti, nikaacha mkono kwenye usukani. Gari likazima, likateleza kinyumenyume na kulalia mtaroni ubavu wa kwangu, mlango wangu ukaziba kwenye udongo, na mama, mila au si mila, akaniangukia begani mzima mzima. Nikaweka mikono kichwani kama mtu aliyekamatwa.

Watu wa mnada wakajaa.

"We kijana, msukume mama atokee huku juu."

"Siwezi."

"Umevunjika mkono?"

"Ni mkwe wangu."

Mwanamke mmoja mwenye beseni la karanga akakaa chini kabisa acheke vizuri. Ndipo sauti ikatoka ndani ya kanga, "Bado si mkwe. Jibu hatujatoa."

Wanawake wakafunga kanga mbili, wakampitishia kwapani na kumvuta kama ndoo ya kisimani. Akaenda hospitali kwa bodaboda bila kuniaga.

Siku kumi nikawa silali. Mshenga wangu aliporudi, nilianza mimi, "Wamekataa."

"Wamekubali. Mama amesema kijana aliyeona heri gari lianguke kuliko kugusa goti la mkwe, huyo ana adabu. Ila lile gari lisifike kwake tena, maana jino aling'oa siku ile ile, sasa kinachomuuma ni shingo."

Nililiuza wiki hiyo hiyo kwa kapera mmoja wa Manyoni. Sasa naendesha gari la familia lenye safu tatu za siti, mama mkwe anakaa ya mwisho, mimi mbele, tunaheshimiana kwa nafasi. Na nimeapa, gari lolote nitakaloletewa nitaanza kutafuta mlango wa nyuma, na usipokuwepo, hata likiwa la bure, nitalisifia rangi na kwenda zangu.